Mama Mja Mzito Huficha Nini, na Nani Humfanya Afiche?

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Methali hii tumeisikia tangu tukiwa wasichana, na mara nyingi hutolewa kama karipio: usimfiche mkunga jambo, utajidhuru mwenyewe. Ni kweli kabisa. Lakini mwezi huu tunapenda kuitazama kwa upande wake wa pili. Mama anapoficha, je, aliyemuuliza alimuuliza namna gani, mahali gani, na mbele ya nani?

Tumeona vema tulizungumzie jambo hili kwa sababu akina mama wengi sasa huulizwa maswali mengi wanapokuwa waja wazito. Muuguzi huuliza kliniki. Watafiti nao hubisha hodi nyumbani wakiwa na karatasi au simu mkononi. Majibu wanayopewa ndiyo yanayoamua mama apewe msaada gani, na serikali ipange nini. Majibu hayo yakiwa si ya kweli, hasara si ya mtafiti. Ni ya mama na mtoto wake.

HAPANA, HAPANA, HAPANA

Siku ya kliniki benchi huwa limejaa. Muuguzi ni mmoja na foleni ni ndefu, kwa hiyo maswali hutoka haraka haraka. Unavuta sigara? Hapana. Unakunywa pombe? Hapana. Umetumia dawa za kienyeji? Hapana. Nyumbani kuna amani? Ndiyo, ipo. Kadi inaandikwa, mama anakwenda kwenye mizani. Nyuma yake amekaa wifi yake, mbele yake amekaa jirani anayechota naye maji, na mlangoni anamsubiri mumewe. Ni nani kati yetu angejibu vinginevyo mahali kama hapo?

Kila jibu lisilo la kweli lina gharama mbili. Gharama ya kwanza ni ya mama mwenyewe. Tumbaku hupunguza uzito wa mtoto na huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na hadi leo hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Dawa nyingine za mitishamba huleta uchungu mkali mapema mno. Mama anayepigwa nyumbani anaweza kupoteza mimba. Mambo haya yote yana msaada, lakini msaada haumfikii mtu aliyeandikiwa kwamba hana tatizo.

Gharama ya pili ni ya wote. Daftari la wilaya likionyesha kuwa hakuna mama mja mzito anayekunywa wala anayepigwa, hakuna mganga mkuu atakayetenga muuguzi wala chumba kwa ajili ya watu ambao kwa mujibu wa daftari hawapo. Sifuri iliyoandikwa kwa sababu ya hofu huonekana sawasawa na sifuri ya kweli.

TUNAJUAJE KWAMBA WATU HUFICHA?

Msomaji anaweza kuuliza: kama mama amesema hapana, watafiti wanajuaje kuwa si kweli? Kwa upande wa sigara ipo njia. Nikotini iliyo katika tumbaku ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho kotinini, nacho huonekana kwenye damu, mate na mkojo kwa siku chache. Mwaka 2009 watafiti wa Uskoti walichapisha matokeo ya akina mama 3,475 wa magharibi mwa nchi hiyo. Walipoulizwa kliniki, waliosema wanavuta sigara walikuwa 839, yaani kama asilimia 24. Damu zao zilipopimwa, wavutaji walionekana kuwa 1,046, yaani asilimia 30. Tofauti hiyo ni ya akina mama zaidi ya 200.

Marekani nako walitazama takwimu za taifa za kati ya mwaka 1999 na 2006, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Kati ya wanawake ambao damu yao ilionyesha kuwa ni wavutaji, wasio na mimba waliokana walikuwa kama 9 kati ya 100. Waja wazito waliokana walikuwa karibu 23 kati ya 100. Tafadhali zitazame vizuri namba hizo mbili. Ni wanawake wa nchi moja, wa umri wa kuzaa, waliopimwa kwa kipimo kimoja. Kilichozidi kwa wale wa pili ni mimba, na pamoja na mimba ile hofu ya kuambiwa, "Wewe mama gani?"

Ushahidi mwingine ulitoka mji wa Cleveland mwaka 1988. Huko akina mama walioulizwa habari za pombe wakiwa waja wazito waliulizwa tena miaka kadhaa baadaye kuhusu mimba ile ile. Wengi walitaja kiasi kikubwa kuliko kile walichokitaja zamani. Mtoto alikwisha kuzaliwa, na hakuna aliyekuwa akiwanyoshea kidole tena. Huenda ndiyo maana ndimi zao zilifunguka.

Kwa hiyo tusiharakishe kusema kwamba wanawake ni waongo. Mtu huyo huyo husema kweli mahali pamoja na kuificha mahali pengine. Kinachobadilika ni mazingira ya swali.

NJIA ZA KUULIZA ZINAZOSAIDIA

Kwa zaidi ya miaka 50 wataalamu wamekuwa wakitafuta namna ya kuuliza ambayo haimwaibishi anayejibu. Tutataja njia chache kwa lugha nyepesi.

Kwanza, usimlazimishe mtu kuchagua kati ya ndiyo na hapana. Mwaka 1991 watafiti wa Houston, Marekani, walilinganisha namna mbili za kuwauliza waja wazito. Kundi moja waliulizwa kwa kawaida kama wanavuta au hawavuti. Kundi jingine walisomewa sentensi kadhaa ili wachague inayowafaa: bado ninavuta kama zamani; ninavuta lakini nimepunguza tangu nijue nina mimba; ninavuta mara moja moja; niliacha nilipojua nina mimba; sikuwa mvutaji. Waliokiri waliongezeka kwa takriban asilimia 40. Sababu inaeleweka. Mama aliyetoka sigara kumi akafika tatu amejitahidi, na swali la ndiyo au hapana linamhesabu sawa na asiyejitahidi kabisa. Akipewa nafasi ya kusema "nimepunguza", anasema kweli na heshima yake inabaki.

Pili, anza na swali lisiloshitaki. Mwaka 1989 madaktari wa Detroit walitoa maswali manne mafupi kwa ajili ya waja wazito. Hawakuanza kwa kuuliza, "Unakunywa kiasi gani?" Waliuliza, "Huhitaji glasi ngapi mpaka uanze kuchangamka?" Mtu hujibu swali hilo bila kujihami, maana halimuulizi alikunywa lini. Lakini anayesema huhitaji zaidi ya glasi mbili amekwisha kuonyesha kwamba mwili wake umeizoea pombe, na hapo muuguzi anajua kwamba yapo mazungumzo ya kuendelea nayo. Vivyo hivyo husaidia kuuliza kwanza habari za kabla ya mimba: "Kabla hujajua una mimba, ulikuwa ukinywa nini siku za sherehe?" Kisha ndipo tuje za sasa.

Tatu, taja kitendo, usitaje jina baya. Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti mkubwa juu ya afya ya wanawake na ukatili wa majumbani, na ripoti yake ikatoka mwaka 2005. Wanawake zaidi ya 24,000 wa nchi 10 walihojiwa, na Tanzania ilikuwamo kwa mkoa wa Mbeya na jiji la Dar es Salaam. Hawakuulizwa tu, "Je, unaonewa na mumeo?" maana mama anaweza kujibu hapana akiwa na alama mgongoni, kwa kuwa amefundishwa kuwa hayo ni mambo ya kawaida ya ndoa. Waliulizwa kitendo kimoja kimoja: amewahi kukupiga kofi? Kukusukuma? Kukupiga ngumi? Na ulipokuwa na mimba je? Kwa namna hiyo, waliosema walipigwa wakiwa waja wazito walianzia 1 kati ya 100 katika mji wa Japani hadi 28 kati ya 100 mikoani Peru.

Nne, hakikisha faragha, tena faragha ya kweli. Katika utafiti huo mwanamke mmoja tu alihojiwa katika kila nyumba, ili mama mkwe au wifi asije akajua maswali yalikuwa ya namna gani. Utafiti uliitwa wa afya na maisha ya wanawake, bila kulitaja neno ukatili mlangoni. Wahojaji walikuwa wanawake waliofunzwa, na mtu mwingine akiingia walibadilisha mazungumzo wakaanza habari nyingine. Kwa swali zito kuliko yote, la kunajisiwa utotoni, mama alipewa pia kadi yenye picha ya uso unaolia na uso unaocheka. Aliweka alama bila jina, akaifunga mwenyewe, na mhojaji hakuona. Karibu kila mahali walioweka alama kwenye uso unaolia walizidi waliosema kwa mdomo.

SARAFU INAYOTUNZA SIRI

Njia ya tano tumeipenda sana kwa sababu inaonyesha kwamba inawezekana kuujua ukweli wa watu wengi bila kuijua siri ya mtu hata mmoja. Wazo lake lilitolewa mwaka 1965 na mtaalamu wa Marekani, Stanley Warner, na wengine wakalirahisisha baadaye. Mwaka 1970 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliolitumia katika miji ya North Carolina kukadiria ni wanawake wangapi waliwahi kutoa mimba, jambo ambalo wachache wangelisema mbele ya mgeni.

Tulieleze kwa mfano wetu wenyewe. Tuseme akina mama 200 wamekusanyika, na swali ni kama wamekunywa pombe mwezi huu. Kila mmoja anapewa sarafu na kuirusha mahali ambapo haonwi na mtu. Ikiangukia upande wa picha, atajibu "ndiyo" hata kama hajaonja pombe tangu azaliwe. Ikiangukia upande mwingine, atajibu ukweli wake. Anayeandika husikia "ndiyo" tu, na hawezi kujua kama imetoka kwa mama au kwa sarafu. Mama yuko salama.

Sasa hesabu. Kati ya akina mama 200, karibu 100 watasema "ndiyo" kwa sababu ya sarafu peke yake. Tukipata "ndiyo" 130, tunaondoa hizo 100, zinabaki 30. Hizo 30 zimetoka kwa wale 100 walioamriwa na sarafu waseme kweli. Basi tunakadiria kuwa akina mama 30 kati ya kila 100 walikunywa. Hatumjui hata mmoja wao kwa jina, lakini tunajua kwamba wilaya ina kazi ya kufanya.

Njia hii ina mapungufu yake. Huhitaji watu wengi, maana sarafu haianguki nusu kwa nusu sawasawa kila mara. Mama asiyeielewa anaweza kudhani ni mtego au kiinimacho. Zaidi ya yote, haiwezi kumsaidia mama mmoja mmoja kwa sababu haimtambulishi. Ni njia ya kuhesabu, si ya kutibu. Kutibu kunahitaji mtu mmoja amwamini mtu mwingine.

Jambo hilo lilionekana hata karibu na kwetu. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya vijana, kwa kulinganisha njia tano za kujua kama wameanza kujamiiana. Miongoni mwa wale ambao vipimo vya maabara vilionyesha ugonjwa wa zinaa au mimba, wasichana waliokiri katika madodoso yote mawili walikuwa 29 tu kati ya 100. Wavulana walikuwa 58 kati ya 100. Kwa wasichana hao njia ya kuuliza iliyoonekana kufaa zaidi ilikuwa mazungumzo marefu ya watu wawili waliokaa pamoja bila haraka. Dodoso liliwashinda, mazungumzo yakawafungua.

KWA NINI WASIPIME TU?

Labda utasema, "Kama damu na mkojo havisemi uongo, kwa nini tusumbuke na maswali? Wapime tu." Jibu lina pande mbili.

Kwanza, kipimo nacho kina mipaka. Kotinini hutoka mwilini upesi, na kwa mja mzito hutoka upesi zaidi kuliko kwa mwanamke asiye na mimba. Mama aliyevuta wiki iliyopita anaweza kuonekana safi. Na kipimo hakielezi kwa nini mama hunywa, wala nani humshawishi, wala kama anataka kuacha.

Pili, kupima kwa siri huvunja imani. Katika mji wa Charleston, Marekani, hospitali moja ya umma ilianza mwaka 1989 kupima mkojo wa baadhi ya waja wazito ili kuona kama walitumia kokeini, na matokeo yalipelekwa polisi. Wanawake walikamatwa, wengine muda mfupi tu baada ya kujifungua. Wanawake kumi walikwenda mahakamani, na Machi 2001 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba kuwapima kwa ajili ya polisi bila ridhaa yao kulikuwa ni kuwapekua kinyume cha katiba. Tufikirie maana yake kwa mama wa kawaida. Akisikia kwamba mkojo anaotoa kliniki unaweza kumpeleka rumande, hataacha kokeini kwa sababu hiyo. Ataacha kliniki. Na mtoto ambaye watu walidai wanamlinda atazaliwa bila mkunga.

Kipimo ni chema kikifanywa kwa ridhaa, mama akiwa ameelezwa ni cha nini na nani ataona majibu yake.

UDONGO, UGORO NA MBEGE

Sasa turudi nyumbani. Maswali mengi yanayotumika kwetu yalitungwa kwanza mahali pengine, na mengine hayazifahamu jikoni zetu. Muuguzi akiuliza, "Unavuta sigara?" bibi wa kijijini atajibu hapana kwa moyo safi, huku ugoro uko kwenye kibweta chake. Akiulizwa, "Unakunywa pombe?" mama wa Kilimanjaro anaweza asihesabu mbege aliyoinywa kwenye ngoma ya ukoo, wala wa Iringa asihesabu ulanzi, wala wa Kisumu asihesabu busaa, kwa kuwa mawazoni mwao pombe ni ile ya chupa. Hawakudanganya. Hawakuulizwa kwa maneno yao. Muuliza maswali mzuri hutaja kila kinywaji kwa jina lake, na hupima kwa kata na kibuyu kama chupa haipo.

Udongo ni mfano bora zaidi. Tunajua sote jinsi hamu ya udongo inavyowashika waja wazito. Sokoni huuzwa vipande vilivyokaushwa viitwavyo pemba, na Kenya wengine huita odowa. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya akina mama 275 wa kliniki walikula udongo mara kwa mara. Huko Geita, katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta zaidi ya 4 kati ya 10, na udongo walioula ulikutwa na madini yenye sumu. Lakini kisiwani Pemba, utafiti wa mwaka 2010 wa waja wazito 2,368 ulikuta kuwa wala udongo ni kama 5 tu kati ya 100, na waliokula vyakula vya wanga vikiwa vibichi, hasa mchele, walikuwa 36 kati ya 100. Kama watafiti wale wangeuliza habari za udongo peke yake, wangeondoka wakidhani kuwa hamu hii haipo kisiwani. Waliuliza pia habari za mchele, nao wakaiona.

Tunayataja haya kwa sababu udongo huweza kuleta minyoo, na umehusishwa na upungufu wa damu, nao upungufu wa damu ni adui mkubwa wa mama anayejifungua. Muuguzi anayecheka akisikia habari za udongo amejifungia mlango. Anayesema, "Wengi hupata hamu hii, wewe hupendelea upi?" ameufungua.

TUFANYE NINI?

Dada yetu muuguzi, tunajua kazi yako ni nyingi na mikono ni michache. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 limeshauri kila mja mzito aulizwe habari za tumbaku, pombe na dawa za kulevya mapema iwezekanavyo, na tena kila anapohudhuria. Sababu ni nzuri: imani hukua polepole, na mama aliyesema hapana mwezi wa nne anaweza kusema ndiyo mwezi wa sita. Geuza kiti chako ili mama asiitazame foleni. Punguza sauti. Baba akija kliniki mkaribishe, ni jambo jema, lakini weka dakika chache za mama peke yake, na uifanye iwe desturi kwa wote ili asiwepo atakayeshuku. Wala usiulize habari za kipigo mbele ya mtu mwingine, au kama huna pa kumpeleka mama akisema ndiyo. Swali lisilo na msaada nyuma yake laweza kumwongezea maumivu.

Mama mja mzito mwenzetu, ukiulizwa mbele ya watu una haki ya kusema kwa upole, "Sista, hilo naomba tuzungumze pembeni." Hakuna ubaya. Kama ulisema hapana mwezi uliopita na haikuwa kweli, hujachelewa. Sema tu, "Kuna jambo sikulieleza vizuri." Usingoje mpaka uchungu ukushike.

Mtafiti akibisha hodi, mwulize kabla hajaanza: anatoka wapi, anataka nini, jina lako litaandikwa au la, na nani atasoma majibu. Una ruhusa kukataa, au kuruka swali, na huduma yako ya kliniki haipaswi kupungua kwa sababu hiyo. Akikataa kukujibu maswali yako, nawe huna deni la kumjibu yake. Lakini akiwa mtu mwaminifu na umekubali, mwambie kweli, kwa maana kwa jibu lako anawahesabu pia wale wasioweza kusema.

Nanyi mama wakwe, mawifi na shangazi, neno letu kwenu ni hili. Mkwe wenu akiitwa faraghani na muuguzi, msimfuate mlangoni, wala msimhoji njiani mlikuwa mkisema nini. Mama anayejua kwamba neno lake litamfikia mumewe kabla ya jua kuzama hatalitoa. Na sisi wenyewe tunapokutana kwenye vikundi vyetu na kumsikia mmoja akikiri kuwa bado anaonja, au bado anatafuna udongo, tuangalie nyuso zetu. Uso wetu ndio dodoso la kwanza analolijibu.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza kwa upole ni kuhalalisha mabaya. La hasha. Mkunga anayemfunika mama kwa khanga hamsaidii kuficha. Humsaidia azae. Yule anayetaka kujua ukweli wa mja mzito na amtengenezee kwanza mahali pa kuusema. Hapo ndipo tutaweza kumkumbusha, bila kumwonea, kwamba mficha uchi hazai.